Blanketi la Saa Saba Mchana

Kitu cha kwanza alichokiona Adongo kilikuwa mgongo wa mama yake.

Ilikuwa mwezi wa pili, saa sita mchana. Wanawake saba walikuwa bichi, ufukweni mwa ziwa, wakigeuza omena, dagaa wa ziwani, wakauke juu ya nyavu kuukuu. Jua lilikuwa utosini. Hakukuwa na upepo hata wa kutikisa jani la funjo. Hewa ilikuwa nzito na yenye maji, kama ya ndani ya sufuria iliyofunikwa. Blauzi za wanawake zilikuwa zimelowa jasho na kugandamana na migongo yao.

Blauzi ya mama yake ilikuwa kavu. Jasho la asubuhi lilikuwa limeacha mistari myeupe ya chumvi kwenye kitambaa cha bluu, lakini jasho jipya halikuwepo.

Adongo aliinua kichwa. Alifungua mdomo. Wakati huo Mama Sheryl, jirani yao, alikuwa anasimulia jinsi mumewe alivyokula chakula cha mchana akiwa ameketi ndani ya beseni la maji. Wanawake walikuwa wanacheka mpaka wanashika mbavu. Adongo angesema neno, wote wangenyamaza na kumtazama. Akafunga mdomo. Akaendelea kugeuza omena.

Alikuwa na miaka ishirini. Alizaliwa pacha. Dada yake Apiyo alitangulia kutoka, na watu walipenda kusema kwamba Apiyo alibeba maneno yote, akamwachia Adongo masikio tu. Apiyo alikuwa ameolewa mbali kidogo, Nyamasaria. Adongo alibaki na mama yao huku ziwani, chini ya soko la Otonglo, nje ya Kisumu. Shule aliiacha darasa la sita, mwaka ambao ziwa lilipanda likaingia mpaka madarasani. Maji yaliporudi nyuma, wenzake walirudi shuleni. Yeye hakurudi. Aliogopa kuitwa mbele ya darasa asome kwa sauti.

Mama yake hakuwa hivyo. Dorca alikuwa na sauti ya kusikika kutoka majini mpaka barabarani. Yeye ndiye aliyepatana bei na wanunuzi kwa niaba ya wanawake wote. Asubuhi hiyohiyo alikuwa ameshindana na Mwihaki, mfanyabiashara mzaliwa wa Murang'a, kwenye nyanda za baridi, aliyeuza omena mjini.

"Dorca, hii gorogoro umeijaza au umeipaka omena tu?" Mwihaki aliuliza, akiinua kopo la kupimia.

"Vua hiyo sweta kwanza ndipo uone vizuri! Nani anavaa sweta Kisumu?"

"Asubuhi kuna baridi."

"Baridi ya wapi? Ulikuja nayo kutoka Murang'a kwa mkoba?"

Mwihaki alicheka, akalipa bei ya Dorca, akaenda zake. Siku zote ilikuwa hivyo.

Bichi yao haikuwa na choo. Wanaume waliingia kwenye mafunjo, wakatoka, na hakuna aliyeuliza. Mwanamke akiingia huko alikutana na wanaume. Nyumbani palikuwa mbali, juu ya kilima, mwendo wa dakika kumi na tano. Kwa hiyo wanawake walikuwa na mtindo wao. Walikunywa kikombe kimoja cha chai alfajiri, kisha hawakugusa maji mpaka jioni. Hakuna aliyekaa chini kuwafundisha. Msichana alimwona mama yake, naye akafanya vilevile.

"Mimi ni ngamia," Dorca alipenda kujisifu. "Nikinywa maji, nitayapeleka wapi?"

Mara mbili wanawake walikuwa wamemwomba mwenyekiti wa bichi, Mzee Obonyo, wachimbiwe choo. Mara zote mbili alicheka. "Mama zenu walikausha omena hapa bila choo," aliwaambia. "Mbona hawakulia?"

Labda siku za mama zao jua lilikuwa na huruma kidogo. Labda mvua nayo ilikuwa na ratiba. Siku hizi haikuwa nayo. Siku mbili kabla, wingu dogo lilitokea upande wa milima ya Nandi. Kabla wanawake hawajakusanya nyavu, mvua ilimwagika. Dorca alipoteza kazi ya asubuhi nzima. Omena ilioza, ikawa chakula cha kuku.

Ndiyo maana siku hii hakutaka kuondoka juani.

"Mama Adongo, si uketi kidogo pale kwa kivuli cha boti," Mama Sheryl alimwambia.

"Nikiketi, nani ataangalia wingu? Wewe? Wewe unaangalia mdomo wako tu."

Wanawake walicheka tena. Dorca hakucheka. Alikuwa ameshika kichwa.

Baada ya muda alianza kuita. "Apiyo! Apiyo, fukuza hiyo kuku!"

Hakukuwa na kuku. Apiyo pia hakuwepo.

"Mama, ni mimi," Adongo alisema kwa sauti ndogo.

"Nimesema ufukuze kuku!" Dorca alipiga hatua mbili upande, kama mtu aliye ndani ya boti inayoyumba. Kisha akaanguka juu ya omena, uso chini.

Mama Sheryl alianza kucheka, akidhani ameteleza. Aliponyamaza, bichi nzima ilinyamaza.

Mzee Obonyo na wavuvi wawili walikuja mbio. Obonyo alimgusa Dorca shingoni, akauondoa mkono haraka.

"Yawa! Huyu anawaka. Ni malaria hii, imepanda kichwani. Mpelekeni ndani."

Walimbeba mpaka kwenye banda la mabati ambamo wavuvi waliweka nyavu. Ndani ya banda mtu angeweza kuoka mkate. Obonyo alifunga dirisha.

"Afunikwe," alisema. "Akitoa jasho, homa itatoka nayo. Adongo, leta lile blanketi la wavuvi. Mama Sheryl, pika chai ya moto."

Adongo alilileta. Lilikuwa blanketi zito, la mtu anayelala katikati ya ziwa kwenye baridi. Alimfunika mama yake mpaka kidevuni.

Dorca alilitupa blanketi.

"Mrudishie," Obonyo alisema akiwa mlangoni. "Hajui anachofanya."

Adongo alimrudishia. Dorca alilitupa tena. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Alisema neno moja kwa Kijaluo. "Nam." Ziwa. Kisha akasema tena, akielekeza mkono mlangoni, "Nam, nipelekeni."

Ziwa lilikuwa hatua ishirini kutoka pale. Maji yote yale.

"Ati ziwa!" Obonyo alisema. "Anataka kujizamisha huyu. Mfunike tena."

Adongo alimfunika. Dorca alilitupa blanketi mara ya tatu. Safari hii Adongo hakungoja kuambiwa. Alilirudisha mwenyewe. Alimshika mama yake mikono yote miwili, akaibana chini ya blanketi, akamwegemea. Alifanya hivyo kwa sababu alimpenda. Mama yake alipigana naye kidogo. Kisha hakupigana tena.

Obonyo alikuwa ameshatoka kuita gari. Adongo alibaki peke yake na mama yake. Aliona macho yake yamefunguka nusu, lakini hayaangalii kitu. Mwili ulianza kutetemeka.

Hapo ndipo alipokimbia.

Nakhumicha alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji. Asili yake ilikuwa Bungoma, lakini alikuwa ameolewa hapo na kukaa miaka kumi na miwili. Siku hiyo alikuwa kwa kina mama wa kanisa, si mbali na bichi, akipima watoto uzito. Adongo alifika mlangoni akasimama. Wanawake wote waligeuka wakamtazama.

"Adongo? Kuna nini?"

Adongo alielekeza mkono upande wa bichi.

"Adongo, sema! Hata neno moja."

"Mama," Adongo alisema. "Anawaka moto. Hanijui."

Nakhumicha hakuuliza tena. Aliacha mizani, akapanda bodaboda iliyokuwa nje, akamvuta Adongo nyuma yake.

Alipoingia kwenye banda, alilishika lile blanketi kwa mkono mmoja akalirusha nje.

"Nani amemfunika mtu saa saba mchana? Mtoeni hapa! Sasa hivi! Mwekeni kivulini, nyuma ya banda. Mama Sheryl, wacha hiyo chai. Chota maji ziwani, karai nzima. Adongo, mfungue blauzi."

"Wewe Nakhumicha, unataka kumuua?" Mzee Obonyo alipiga kelele. "Mtu mwenye homa kali umwagie maji? Atapata nimonia!"

"Mzee wangu, nimonia tutaiongea kesho, akiwa hai. Hii si homa ya kawaida. Ni jua limemwingia. Akikaa hivi anatutoka."

Maji yalimwagwa. Kichwani, kifuani, miguuni. Karai baada ya karai. Nakhumicha alilowesha leso tatu akaziweka shingoni, makwapani na kwenye mapaja kwa juu. Leso ikipata joto, aliilowesha upya. Wanawake walipepea kwa masinia yao ya kupepetea omena. Mama Sheryl alipepea huku analia.

"Mpe maji anywe," mvuvi mmoja alisema.

"Hapana. Mtu ambaye hajitambui hapewi kitu mdomoni. Kinaweza kwenda kwenye mapafu. Anayejitambua na anaweza kumeza, huyo ndiye anayepewa, kidogokidogo."

Nakhumicha alikuwa amepiga simu hospitali, lakini tuktuk aliyoiita Obonyo ndiyo iliyofika kwanza kutoka Otonglo. Walimlaza Dorca ndani yake, wakakunja mapazia ili upepo uingie. Adongo aliketi na ndoo kati ya miguu, akaendelea kummwagia mama yake maji njia nzima. Maji yalichuruzika barabarani nyuma yao mpaka hospitalini.

Pale hospitali Dorca alipimwa malaria. Hakuwa nayo.

"Nani alianza kumpoza?" daktari aliuliza.

"Sisi, kule ziwani," Nakhumicha alijibu.

"Hilo limemsaidia. Lakini alikaa na joto muda mrefu kabla ya hapo. Figo zimeumia. Tutajua baadaye kama ubongo nao umeguswa. Kama mngechelewa nusu saa nyingine, tusingekuwa na la kufanya."

Adongo alisikia kila neno. Alianza kuhesabu dakika za lile blanketi.

Dorca alilala hospitalini wiki tatu. Aliporudi nyumbani alikuwa hai, na watu walimshukuru Mungu. Waliimba mlangoni. Lakini miguu yake ilitembea kwa kupapasa. Mikono ilitetemeka, hata kikombe cha uji alikishika kwa yote miwili. Na ile sauti ya kusikika mpaka barabarani haikuwepo tena. Maneno yalitoka moja moja, mazito, kama mtu anayetembea kwenye tope. Daktari alisema huenda angepata nafuu polepole. Huenda.

Mwihaki alikuja kumwona. Alileta maparachichi.

"Dorca wangu, nani atanitukana sweta sasa?"

Dorca alitabasamu. Alitafuta jibu. Mwihaki alisubiri. Jibu lilichelewa sana, na lilipofika lilikuwa, "Karibu." Mwihaki alitoka nje akajifuta macho kwa mkono wa hiyo sweta.

Dorca hakukumbuka chochote cha siku ile. Alikumbuka chai ya alfajiri, basi. Mengine aliambiwa na watu. Nao walimwambia kwamba binti yake mnyamavu, yule asiyeweza kusalimia wageni, alikimbia kama upepo kumwita Nakhumicha.

Kila mgeni alipokuja, Dorca alimwonyesha Adongo kwa kidole kilichotetemeka.

"Huyu," alisema. "Ndiye. Aliyeniokoa."

Kila mara Adongo alipata kisingizio cha kutoka. Kuni. Maji. Kuku. Alisimama nyuma ya nyumba mpaka mgeni akaondoka.

Wiki moja baadaye Nakhumicha aliitisha mkutano bichi. Aliuitisha saa moja asubuhi, kabla jua halijapanda. Wanawake walikuja, na wavuvi pia. Dorca hakuweza kushuka kilima. Adongo alikaa nyuma kabisa.

"Nitauliza swali la aibu," Nakhumicha alianza. "Asubuhi hii, mkojo wako ulikuwa na rangi gani?"

Wanaume walitazamana. Wanawake walificha nyuso kwa leso.

"Wewe Nakhumicha, kuna wakwe hapa!" Mama Sheryl alisema.

"Jua halina mkwe. Jibu."

"Haya. Kama strungi."

"Strungi nzito au nyepesi?"

"Nzito. Ya kukosa maziwa wiki nzima."

Watu walicheka, na Nakhumicha akawaacha wacheke kwanza.

"Basi mwili wako unalia kiu," alisema. "Ukinywa maji ya kutosha, mkojo unakuwa mwepesi, kama maji yaliyowekwa limau. Sikilizeni. Ndani ya mwili kuna joto, kama nyumba yenye jiko. Jasho ndilo linalotoa hilo joto nje. Likikauka kwenye ngozi, linaondoka na joto. Sasa siku ambayo hewa ya hapa ziwani imejaa unyevu, jasho halikauki. Linakaa tu, na joto linabaki ndani. Na kama hukunywa maji tangu alfajiri, mwisho wake hata hilo jasho linaisha. Jiko linawaka, nyumba imefungwa."

"Kwa hiyo anayetoka jasho yuko salama?" mvuvi mmoja aliuliza.

"Hapana, usidanganyike. Wengine wanazidiwa huku bado wanatoka jasho. Angalieni mtu mwenyewe. Kichwa kinamuuma, anasikia kizunguzungu, misuli inamkaza, anataka kutapika. Huyo mpeleke kivulini mapema, apumzike, anywe maji. Lakini akianza kuongea ovyo, au kuyumba, au kuanguka, na mwili unawaka, usisubiri. Kivuli, maji mwilini, upepo, hospitali. Mpoze hapohapo huku gari likitafutwa, na mpoze njiani."

"Na kama ni malaria kweli?" Obonyo aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Atapimwa huko hospitali, Mzee. Mtu akiwa na malaria pia hafunikwi blanketi kwenye banda la mabati."

Mzee Obonyo alivua kofia. Alisimama, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Watu walianza kufikiri amesahau alichosimamia.

"Mimi ndiye niliyesema afunikwe," alisema. "Mimi ndiye niliyefunga dirisha. Mwanamke aliomba ziwa, mimi nikasema anataka kujizamisha. Na mimi ndiye niliyewacheka kuhusu choo. Nimekuja hapa kusema hivyo, kila mtu asikie."

Mama Sheryl alimshika mkono akamketisha.

Adongo alitazama mchanga. Alijua huo ndio wakati wake wa kusimama. Mara ya tatu Obonyo hakusema kitu. Mara ya tatu ilikuwa yake peke yake. Hakusimama. Alimwacha mzee abebe mzigo wote mbele ya watu.

Choo kilichimbwa wiki hiyo. Obonyo mwenyewe alishika jembe, na hakumruhusu mtu kumpokea. Milango miwili, mmoja wa wanawake, wenye komeo kwa ndani.

Kisha walihangaika na ile mvua isiyo na ratiba, kwa maana ndiyo iliyowafunga wanawake juani. Nakhumicha alikuwa ameona vichanja kwenye bichi nyingine. Waliinua nyavu kutoka mchangani, wakazitandika juu ya miti iliyofika kiunoni. Pembeni mwa kila kichanja walifunga karatasi ya plastiki iliyokunjwa. Wingu likitokea, watu wawili wanaifunua na kufunika omena kwa dakika moja. Hakuna haja ya watu saba kulinda wingu. Omena ilikauka haraka kuliko zamani, maana upepo ulipita juu na chini, na haikuwa na mchanga.

Walijenga banda la mafunjo, bila kuta, lipitishe upepo. Walianza kazi mapema zaidi. Kuanzia saa tano hadi saa tisa mchana walikaa kivulini, wakitoka wawiliwawili kwa zamu kugeuza omena, na kurudi. Katikati ya banda liliwekwa pipa la maji yaliyotibiwa. Nakhumicha aliwakataza kunywa maji ya ziwa hivihivi. Kila mtu alikunywa kikombe kabla hajasikia kiu, na kikombe kingine, na kingine.

"Sasa kazi yetu ni kunywa na kukojoa," Mama Sheryl alilalamika. "Tunakausha saa ngapi?"

Lakini ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye pipa kila siku.

Mwezi wa tatu mvua ilitakiwa ianze. Haikuanza. Joto lilizidi. Siku moja Mwihaki alifika amechelewa, saa saba mchana. Gari lake lilikuwa limeharibika njiani na alikuwa ametembea kutoka Otonglo na magunia yake, amevaa sweta.

Aliinama juani, kando ya kichanja, kupima omena. Akapima gorogoro moja. Akaimwaga chini. Akapima tena, akaimwaga chini tena.

Wanawake walikuwa wanaongea. Hakuna aliyeona. Adongo aliona.

Watu kumi wangegeuka wakamtazama.

"Mwihaki ni mgonjwa!" Adongo alipiga kelele. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotarajia, na kweli watu wote waligeuka. "Msinitazame mimi, mleteni kivulini! Mtoeni sweta! Mama Sheryl, maji!"

Walimdaka akizimia, wakambeba. Karai la kwanza lilimwagwa kichwani. Leso zikaloweshwa. Masinia yakapepea. Karai la tatu, Mwihaki alifungua macho.

"Jamani, nywele zangu," alisema. "Nimesuka jana."

Wanawake walicheka huku wanaendelea kumpepea. Walimkalisha, wakampa maji kidogokidogo, kisha uji mwepesi wenye chumvi kidogo. Nakhumicha alikuja akampeleka kituo cha afya apimwe. Jioni Mwihaki alirudi nyumbani kwake kwa miguu yake mwenyewe, akiongea sana, na sweta ndani ya mkoba.

Mzee Obonyo alimpa Adongo mkono, kama anavyompa mwanamume mwenzake.

"Huyu ni wa pili umemwokoa," alimwambia. "Mama yako, na sasa huyu."

Adongo aliutoa mkono wake. Aliacha kazi, akapanda kilima.

Dorca alikuwa ameketi kwenye mkeka mlangoni, akichambua maharagwe. Alikuwa anachukua punje moja moja, kwa sababu ya mikono. Habari ilikuwa imemfikia kabla ya binti yake. Aliinua uso, na uso wake ulikuwa umejaa furaha.

"Wa pili," alisema polepole. "Nimesikia. Nyathina. Mtoto wangu. Wa pili."

Adongo aliketi mbele yake. Alichukua ile mikono miwili iliyotetemeka, akaishika, lakini safari hii aliishika kwa kulegeza, ili mama aweze kuitoa akitaka.

"Mama, si wa pili," alisema. "Siku ile ulitupa blanketi mara tatu. Ulituomba tukupeleke ziwani. Mara mbili za kwanza Mzee Obonyo aliniambia nikufunike. Mara ya tatu hakuna aliyeniambia. Nilikuona unateseka. Nilikushika mikono hii, Mama, nikakulalia juu, nikakufunika mimi mwenyewe mpaka ukanyamaza."